Sala Isiyo na Amina

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ukungu wa kinamasi haujaondoka mtaani kwetu Kalerwe, vitambaa vya mama vilikuwa vimeshaanikwa. Vilikuwa vyeupe, vimefuliwa kwa sabuni ya mche na kusuuzwa kwa maji yaliyotiwa bluu kidogo, na katika ukungu ule kamba yenyewe haikuonekana. Kilichoonekana kutoka kitandani kwangu, kupitia mlango ulioachwa wazi, ni vipande vya weupe vilivyosimama hewani bila kushikwa na chochote, kama akina mama waliofika kanisani mapema mno wakawa wanangoja mlango ufunguliwe.

Nilivihesabu nikiwa nimelala, kisha nikavihesabu tena, kwa sababu Kalerwe kitu cheupe hakiachwi peke yake. Vya mama vyote, na kimoja changu. Changu nilikuwa sikivai. Mama alikifua hivyo hivyo kila juma, akakipiga pasi ya makaa, akakikunja na kukiweka juu ya vyake, kama sahani iliyofunikwa ya mtu aliyechelewa kula.

Kanisa letu lilitoka Kenya pamoja na watu wake, likavuka mpaka na masufuria na magodoro. Kampala lilikuwa banda la mabati kwenye mteremko wa Mbuya, na wanawake wote mle ndani walifunika vichwa kwa kitambaa cheupe chenye msalaba mdogo wa uzi wa buluu juu ya paji la uso. Mwanamke akiomba kichwa wazi, tulifundishwa, anakiaibisha kichwa chake. Maneno hayo yameandikwa na Mkristo yeyote anaweza kuyasoma, ila wengi mjini waliyasoma haraka haraka. Wanawake wa Kiganda walikwenda ibadani na nywele zilizonyooshwa zikang'aa kama viatu vya askari, na Mungu, kwa nilivyoona, aliwasikia vizuri tu. Sisi tulifunga. Watu walituita manesi, wengine masista, na muuza ndizi mmoja alinipa salamu ya Kiislamu kila asubuhi mpaka nikachoka kumsahihisha, nikawa naitikia.

Wanawake wengine wa kanisa walivua vitambaa wakifika nyumbani, wakasukana kibarazani, wakachekana mvi. Mama hakuvua. Nilijua visigino vyake, nilijua kovu la goti lake na jinsi lilivyopata kuwa kovu, lakini kichwa chake sikuwahi kukiona tangu nikiwa msichana. Juu ya paji la uso mama yangu aliishia pale kitambaa kilipoanzia, kama mlima unaoishia kwenye wingu.

Sababu ilikuwa sala yake. Kwetu mwanamke anaweza kufungua sala ndefu. Anaifungua kwa maneno, na hasemi amina mpaka jambo aliloliombea limetimia. Muda wote huo, awe anapika, ananunua chumvi au amelala, yumo ndani ya sala, na kwa hiyo kichwa hakifunuliwi. "Nikilala, kitambaa kinaendelea," mama alikuwa akisema. Wengi waliofungua sala ndefu waliifunga baada ya siku chache: mtoto amepona, mume amepata kazi, amina. Ya mama ilifunguliwa wakati wa vita. Vita vikaisha, na yeye hakuifunga.

Sasa utauliza, na kuosha nywele je? Niliuliza hivyo nikiwa mdogo. Kuna desturi. Mwanamke mwingine mwenye kitambaa anakaa karibu, anampa mwenzake mgongo, anaomba kwa sauti kuanzia fundo linapofunguliwa mpaka linapofungwa tena. Hageuki. Hiyo tunaiita kushikia. Ila sala ndefu haishikwi na kila mtu. Hushikwa na aliyekuwepo ilipofunguliwa, maana mwingine hajui ilianzia wapi.

Ya mama ilianzia chini ya kitanda. Tulikaa Old Kampala wakati huo, chumba cha nyuma cha duka lililoachwa na Wahindi, chini ya ule msikiti ambao kwa miaka mingi ulisimama bila kumalizika, mnara wake umekatika katikati ya wazo. Baba alikuwa amekwenda Kenya kufuatilia kazi, na kazi hiyo imemchelewesha mpaka leo. Mchana ule risasi zilipopita juu ya mabati tuliingia watatu chini ya kitanda kimoja: mama, mimi, na bibi mmoja wa kanisa letu aliyepanga chumba cha pili. Nakumbuka vumbi. Nakumbuka pindo la shuka likicheza, na mwanga ukiingia chini yake polepole kama maji ya mafuriko. Kitambaa changu kilikuwa kichwani na pua yangu ilikuwa ndani ya kiatu cha mtu. Mama alianza kuomba, bibi akaitikia, na maneno yao yalipita juu ya sikio langu yakienda na kurudi, mpaka nikawa sijui kama nimelala au niko macho. Kisha pakawa kimya, halafu watu wakaanza kushangilia barabarani. Tukatoka tukiwa na rangi moja sote watatu, rangi ya sakafu, na mama akanyanyuka akiwa bado anaomba.

Nilingoja aseme amina ili tule. Hakusema.

Baadaye tulihamia Kalerwe na bibi akahamia Mbuya karibu na kanisa. Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, alikuja nyumbani kwetu. Alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta, nami nilitolewa nje nilinde mlango. Nilisikia maji yakimiminwa ndani ya beseni na sauti ya bibi ikienda juu yake, nyembamba, haikatiki, kama uzi unaotoka kwenye kigurudumu. Mlango ukifunguliwa, chumba chote kilinukia sabuni, na mama alikuwa amefungwa upya, uso wake umetakata, akiwa na siri.

Mimi nilivua changu nilipoanza biashara. Hapa ucheke, nimekuruhusu: nilivua kitambaa ili niuze vitambaa. Nilipata meza sokoni Kalerwe, nikawa nachagua skafu na leso kwenye marobota ya nguo kuukuu, zile ambazo Kampala huziita mivumba, nikazifua, nikazinyoosha, nikazitundika kwenye kamba juu ya meza. Mteja akija nilimfunga kichwani mwenyewe: fundo la mbele, la ubavuni, la kama ua. Kichwa kikishapendeza, bei inamezeka bila kukwaruza koo. Lakini ukiwa na msalaba juu ya paji la uso huwezi kuapa, "Haki ya Mungu, mama, hata mimi sikuipata kwa bei hiyo." Nilijaribu wiki moja. Wateja walitazama msalaba, wakanitazama mimi, wakangoja nipunguze. Nikaona mmoja wetu lazima aondoke mezani.

Mama hakunigombeza. Alikifua tu, kila Jumamosi.

Jirani yangu wa meza alikuwa mama wa Kinubi, mwenye mikeka na vikapu vya rangi, mjukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudani. Tulimwita hajati, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Jinja. Alivaa mtandio mweupe unaonukia udi, akaswali nyuma ya vikapu, akarudi akakuta nimemuuzia mkeka, nami nikienda chooni nikarudi nikakuta ameniuzia skafu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha, hata akikukaribisha chai.

"Wewe binti ya watu ya msalaba," aliniambia siku moja, "mama yako anafunika, mimi nafunika, wewe katikati yetu unakaa kichwa kama nazi. Nani alikuroga?"

"Biashara, hajati."

"Biashara yangu iko na mtandio, na mikeka inatembea."

"Mikeka haina haja ya kuapiwa."

Alicheka mpaka akashika nguzo.

Basi bibi wa Mbuya alizeeka, na watoto wake wakaja kumchukua wakamrudisha Kenya. Aliondoka mwanzoni mwa mvua. Nikamwona mama akiosha nywele zake kwa vipande, akifunua upande mmoja kidole kwa kidole chini ya kitambaa, akifunika, akihamia upande wa pili, kama mtu anayedeki sebule huku wageni wamekaa. Wakati huo macho yake yalikuwa yameshaanza kuondoka. La kushoto liliingiwa na ukungu, tukafikiri ni umri, tukachelewa. Tulipofika kwa madaktari likawa limekwisha. La kulia likaanza njia ile ile. Alikuwa akishika mkono wa mlango kabla ya kuuona. Jumamosi moja nilimwona akianika vitambaa kwa kupapasa kamba, na kimoja akakianika hewani tu, kikaanguka kwenye tope, naye akaendelea na kingine.

Hospitali moja ya misheni ilikuwa inangoja daktari wa macho aliyekuja mara chache kutoka mbali. Waliandika jina la mama kwa Alhamisi. Mtoto wa jicho, walisema, anaweza kutolewa. Ukichelewa tena, na hili litakuwa kama lile. Nilitoka pale nikikimbia, nikamweleza mama nyumbani.

"Umesikia, mama? Hili likifungwa, basi. Hakuna jingine."

"Nimesikia. Ni macho, si masikio."

"Basi Alhamisi tunaenda."

Alikuwa anachambua mchele kwa vidole, akitafuta mawe ambayo zamani aliyaona akiwa amesimama.

"Wanavua kitambaa?"

"Wanavua kila kitu. Wanakuvika kofia yao."

"Nani atanishikia?"

Nilivuta kigoda. Mimi ni mtu wa bei. Nikisikia hapana, kwangu mazungumzo ndiyo yameanza. Nikamwambia, kofia nayo ni kifuniko, Mungu haangalii kitambaa kimeshonwa wapi. Akasema kati ya kutoa hiki na kuvaa ile kuna nafasi.

"Nafasi ya dakika moja, mama!"

"Risasi ilihitaji dakika ngapi?"

Nikashusha. Nikamwambia basi aseme amina Jumatano jioni, afanyiwe Alhamisi, afungue nyingine Ijumaa, mpya kabisa, ndefu kuliko ile. Niliona ni bei nzuri. Mungu hapotezi kitu, na yeye anapata jicho.

"Naisema kwa sababu gani? Jambo limetimia?"

"Jambo gani? Vita vimekwisha, mama. Watu wamejenga, wamebomoa, wamejenga tena."

"Mimi sikuombea vita."

"Uliombea nini?"

Aliacha mchele. Aligeuza uso wake kuelekea sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anatazama bega langu.

"Yule aliyekuwa na pua ndani ya kiatu," alisema. "Kwamba apite salama, hata mwisho wake. Sasa nikifunga nitakuwa nimesema umekwisha pita."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Vyura wa mtaroni wote waliongea pamoja kisha wote wakanyamaza, kama wanavyofanya Kalerwe, bila kuelezana. Miaka yote ile nilipokuwa naapa uongo juu ya meza ya skafu, nikivuka barabara mbele ya malori, nikirudi jioni na magunia kichwani, palikuwa na mdomo mahali fulani uliokuwa unatembea kwa ajili yangu. Mwenye mdomo huo sasa alikuwa tayari kupofuka kuliko kuusimamisha.

"Mimi nilikuwepo," nikasema.

"Ulikuwepo."

"Basi nitakushikia mimi."

"Kichwa wazi?"

"Nitavaa."

Vidole vyake vilirudi kwenye mchele, vikapata jiwe, vikalitupa.

"Kitambaa chako kinataka kufuliwa," alisema.

Kilikuwa kimefuliwa Jumamosi. Sikubishana.

Akakifua tena Jumatano alfajiri, kwa mikono inayopapasa, na kwa sababu ua wetu ulikuwa umejaa maji, nilikichukua nikaenda kukianika mezani kwangu, kwenye kamba ya juu, penye upepo. Halafu nikampeleka mama hospitali alazwe, akapimwe presha na sukari. Hajati akabaki na meza zote mbili, kama kawaida.

Nilirudi mchana nikamkuta amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, uso unang'aa.

"Leo nimekufanyia kazi, binti yangu. Nyeupe zote zimekwenda! Zote! Mama moja mnene, binti yake anaanza unesi, anataka nyeupe. Hata ile ya juu, ile iko na alama ya kujumlisha hapa mbele. Hiyo ndiyo alipenda zaidi. Sikumpunguzia hata kidogo."

Nilitazama kamba. Skafu za kasuku zilikuwepo, za maua zilikuwepo, na moja yenye picha ya kisiwa na minazi. Mahali pa juu, penye upepo, palikuwa wazi.

"Hajati. Amekwenda wapi huyo mama?"

"Nitajua? Amekwenda na dunia."

Nilikimbia Kalerwe yote. Nilipita kwenye kabichi, kwenye samaki, kwenye matoke yaliyorundikwa kama ukuta, nikatazama vichwa vya watu badala ya nyuso, nikauliza, "Mmemwona mama mnene amebeba vitambaa vyeupe?" Wakaniambia Kalerwe wanene wako wengi, nichague. Niliporudi hajati alikuwa amekaa chini, mimi nikamweleza: kitambaa kile ni cha nini, sala ni ya nani, kesho ni siku gani.

"Si uchukue ya mama yako moja?"

"Haiwezekani. Cha mwenye sala ndefu kiko ndani ya sala yake. Huwezi kumshikia mtu kwa mkono wake mwenyewe."

Alifikiri. Hakuuliza zaidi, na hilo nilimshukuru. Ana desturi zake, anajua kwamba zikielezwa sana zinaharibika. Aliinuka akaenda nyuma ya vikapu, akaniambia nimpe chochote kutoka kwenye kamba. Nikampitishia skafu ya kasuku. Aliporudi alikuwa amevaa kasuku, kijani na nyekundu, mpaka kwenye nyusi, na mkononi ameshika mtandio wake mweupe umekunjwa mara nne.

"Chukua. Safi. Alfajiri nimeswalia nao."

"Hajati..."

"Chukua, nimesema! Na urudishe haraka. Hawa ndege wako wananipigia kelele masikioni."

Asubuhi ya Alhamisi nilijifunga mbele ya kioo cha dirisha la hospitali, nikafunga, nikafungua, nikafunga tena. Vidole vyangu, vilivyofunga vichwa vya nusu ya Kalerwe, havikujua kichwa changu. Makaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, walikuwa wamesimama juu ya paa la wodi, mabega juu, kama wazee wa kanisa walioletewa kesi.

Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda cha magurudumu, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Nesi, Muganda kijana mwenye haraka, alishika kofia ya kijani.

"Nnyabo, mama, hii kitambala natoka sasa. Musawo anangoja." Musawo kwao ni daktari.

"Ngoja kidogo, sista," nikasema. "Mimi nasimama hapa mlangoni."

"Hapana ingia ndani."

"Siingii. Nasimama hapa hapa, nawapa mgongo."

"Kwa nini mgongo?"

"Ndivyo kanisa letu lilivyo."

"Kanisa yenu iko na kazi mingi," alisema, lakini alisogea nusu hatua, na nusu hatua kwa muuzaji ni mlango mzima.

Mama alinyoosha mkono. Nikainama. Vidole vyake vikapita juu ya paji langu, vikatafuta msalaba wa uzi, havikuupata. Vikashuka kwenye pindo, vikalisugua. Alivuta pumzi kupitia puani.

"Hiki si chako."

"Sio, mama."

"Kinanukia udi."

"Ni cha hajati. Changu kimeuzwa. Kwa bahati mbaya."

Nesi alitazama saa ya ukutani. Ndani ya chumba kitu cha chuma kiliwekwa kwenye sinia. Mkono wa mama ulibaki kichwani pangu, na jicho lake la kulia, lile lenye maziwa, lilikuwa limeelekezwa dirishani ambako hakuna alichokiona. Nilijua akisema hapana tutarudi Kalerwe, na ataendelea kuanika nguo hewani mpaka mwisho. Sikufungua mdomo. Kuna mahali kwenye biashara ambapo ukiongeza neno umeharibu.

"Huyo huomba mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Tano."

Alilisugua pindo tena.

"Basi kimezoea," alisema. "Geuka."

Nikageuka. Nyuma yangu nilisikia fundo likifunguliwa, kisha kitambaa chake kikatua mikononi mwangu kupitia juu ya bega, kikiwa na joto, kizito kuliko nilivyodhani. Magurudumu yakaondoka. Mlango ukajifunga.

Sikumbuki maneno ya bibi. Nilikuwa nimejiandaa kuyasema, hayakuja. Nilianza kwa mahali nilipopajua: vumbi, pindo la shuka, mwanga unaoingia kama maji. Nilimweleza Mungu palivyokuwa, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba. Kisha nikaanza kuomba kwa namna ninayoiweza. Nikamwambia, nipe hilo jicho moja. Sikuombi mawili, lile tulichelewa wenyewe. Nikataja nitakachoacha, nikaanzia chini, nikakumbuka ninaongea na nani, nikapandisha. Hakupunguza wala hakuongeza. Ni mnunuzi mgumu sana yule, ananyamaza tu mpaka wewe mwenyewe unashika bidhaa yako unaitazama upya.

Pazia la dirisha la mwisho wa ukumbi lilikuwa linajaa upepo na kupungua. Watu walipita miguu peku, wengine kwenye fimbo, wote wakawa wa mbali, kama nawaona kupitia kile kitambaa. Nikahesabu vigae vya sakafu huku nikiomba. Nilipovirudia hesabu ilikataa, nikaiacha. Udi wa hajati ulishuka usoni mwangu, na mikononi palikuwa na harufu ya mama, sabuni na bluu na kitu kingine kikavu kama majani. Ikanijia, taratibu, kwamba sala niliyoishika ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesimama ukumbini nikijiombea mwenyewe nipite. Ilinichekesha, nikacheka bila kuacha kuomba, na mzee mmoja mwenye bandeji akanikwepa.

Walipomtoa alikuwa na bandeji nene juu ya jicho na kofia ya kijani. Aliambiwa asiiname wala asiinue mikono.

"Bado unashika?" alinong'ona.

"Nashika."

"Nifunge."

Walituvutia pazia la wodi. Nilitoa kofia, na kwa kuwa ilibidi nifunge, ilibidi nitazame. Nywele zilikuwa fupi, nyeupe zote, laini kama pamba inayotoka kwenye mto. Juu ya paji la uso palikuwa na mstari, pale ukingo wa kitambaa ulipokaa miaka yote. Chini ya mstari ngozi ilikuwa ya mwanamke mzee aliyetembea sana juani. Juu yake ilikuwa ya msichana. Ilikuwa haijawahi kuona mchana tangu tutoke chini ya kitanda. Niliiwekea kiganja. Kisha nikafunga, huku naomba, na mikono ilipofika kwenye fundo ikafanya ilichozoea.

Kesho yake asubuhi nesi alifungua bandeji. Mama alifumba, akafumbua, machozi yakatoka yenyewe. Alitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Akashika kichwa chake, akapapasa fundo.

"Umenifunga ua," alisema. "Kama bibi harusi. Watu wa Mbuya wataniambia nini?"

"Naweza kufungua."

"Utafungua nini, na wewe mwenyewe umejifunga kama unauza?" Alikuwa ananitazama. Si bega langu; mimi. Alinitazama muda mrefu, kuanzia kidevuni kwenda juu, kama mtu anayerudi nyumbani akikagua kama ukuta bado upo. "Sogea hapa. Nikufunge mimi. Usiogope, nashika."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Alifungua mtandio wa hajati akauweka mapajani. Nilisikia midomo yake ikitembea, ile sauti ya zamani, ikipita juu ya sikio langu. Vidole vyake vilitenganisha nywele zangu, msuko kwa msuko, bila haraka, na vikasimama.

"Una mvi," alisema.

"Uongo."

"Hii hapa. Moja."

"Hesabu tena," nikamwambia.

Akainamisha uso karibu, ingawa alikatazwa kuinama.

"Mbili," alisema.